Jina Kwenye Mstari wa Mweupe

Kwanza ieleweke hivi: Debora Chilongani hakuachiwa mchezo. Aliushinda. Huko Kikuyu, mtaa wa Dodoma, kwenye saluni na nje ya kanisa baada ya ibada, inasemwa kwamba mzee Anyitike Mwambeta alimwachia mkamwana wake ashinde ili safari ya Dar es Salaam ibaki ndani ya nyumba, kisha akakaa akamwandikia karatasi ya mchezo kwa mkono wake mwenyewe. Katika maneno yote hayo, kweli ni moja: mwandiko ule ni wa mzee. Lakini aliandika maneno mawili na saini, basi, na aliyaandika mbele ya watu arobaini, saa sita kasoro mchana, mchezo ukiwa umeshakwisha. Mzee amefariki, hawezi kujitetea. Debora yupo, lakini hana tabia ya kujibizana na watu. Basi yaandikwe.

Debora ni wa Haneti, mtoto wa nne wa mkulima wa alizeti na uwele. Kaka zake walicheza drafti kwa vizibo vya soda juu ya kipande cha mbao kilichochorwa kwa mkaa, naye alikaa nyuma yao akichambua mlenda na kutazama. Kucheza hakuruhusiwa, kutazama hakuna aliyemkataza. Drafti ina sheria ambayo watoto wa kule huijua kabla ya kujua kusoma: kete ikiachwa wazi, lazima uile. Usipokula, unatolewa yako. Sheria hiyo ilimwingia Debora mwilini, na baadaye ilimgharimu.

Alimaliza kidato cha nne, akajifunza ushonaji mjini Dodoma, akawa fundi wa sare za shule. Kabla ya kuingiza mkasi kwenye kitambaa hunyamaza dakika nzima, mpaka mwenye kitambaa anaanza kuwa na wasiwasi. Akishaanza kukata hasimami. Ndivyo alivyompata Erick Mwambeta, mpima ardhi wa Chamwino, aliyeleta suruali ipunguzwe na kurudi mara nne kwa suruali ile ile. Walifunga ndoa, Erick akamleta nyumbani kwa wazazi wake, Kikuyu.

Nyumba ile ni ya Wanyakyusa wa Rungwe. Mzee Anyitike aliletwa Dodoma na kazi. Miaka ishirini na sita aliandika taarifa rasmi za mijadala ya Bunge, neno kwa neno, na alistaafu bila kuandikiwa barua ya onyo hata moja. Mkewe, Violeth, alikuwa mwalimu wa sekondari. Walikuwa watu wa vitabu, lakini mila ya mkwe hawakuiacha. Kwao mkamwana na baba mkwe hawakai meza moja, hawatazamani usoni, hawaongei ana kwa ana, na mkamwana hatamki jina la baba mkwe wake. Nyumba nyingi za mjini zimelegeza. Hii haikulegeza, na majirani walisema binti wa Kigogo hatamaliza mwezi.

Siku ya pili baada ya harusi, Mwalimu Violeth alimwita jikoni.

“Mwanangu, kwenu Haneti mnafanyaje na mkwe?”

“Tunamheshimu, mama. Ila tunamsalimia.”

“Hapa salamu zako utanipa mimi, nitamfikishia.”

“Na nikikutana naye mlangoni?”

“Unageuka.”

Debora alifikiri. “Na nikiwa nimebeba sufuria la moto?”

Mwalimu Violeth hakuwa amepanga kucheka siku hiyo, lakini alicheka. “Basi hapo ageuke yeye.”

Mwezi ulipita, ukapita mwaka, na majirani wakatafuta jambo jingine la kusema. Debora aliishika mila ile kuliko wale waliozaliwa nayo. Hata Erick alipomtania usiku kwamba ataje jina la baba yake mara moja tu, hakuna anayesikia, alimjibu, “Nasikia mimi.”

Sasa habari ya sataranji. Mzee Anyitike aliupenda mchezo huo tangu ujana wake, na alipostaafu aliweka ubao wake kwenye meza ndogo ya kibarazani. Alikuwa na ufunguzi mmoja aliouamini kama mtu anavyouamini mkeka wake wa kulalia. Askari wa mbele ya malkia anatembea hatua mbili. Mweusi akijibu vivyo hivyo, askari wa pili wa mweupe anasogea pembeni ya wa kwanza na kusimama pale wazi, bila mlinzi, kana kwamba amesahauliwa. Hajasahauliwa. Ametolewa ili mweusi amle, na akimla aondoke katikati ya uwanja. Wacheza drafti wa mtaani walikuwa wakija kibarazani kujaribu bahati yao, na wote walikula, na wote walirudi kwao wamefungwa.

Kila asubuhi mzee alipanga kete katika hali hiyo, akaenda kununua gazeti na kunyoosha miguu. Wakati huo Debora alifagia kibaraza. Kwa miezi mitatu alifagia akiuzunguka ubao, na mchana aliwatazama wachezaji hao kupitia dirishani mpaka akajua kila kete inavyotembea. Asubuhi moja ya Juni, yule askari wazi alimshinda. Aliweka ufagio chini, akamla.

Mzee aliporudi alisimama mbele ya ubao muda mrefu.

“Mama Erick! Nani amegusa kete zangu?”

“Mimi kazi yangu ni chaki,” alijibu mkewe kutoka ndani. “Kete sizijui.”

Mzee hakuuliza tena. Alicheza hatua moja, akaondoka na gazeti lake. Kesho yake Debora alifagia, akatazama, akajibu. Alikuwa amekula askari na hakutaka kumwachia, kwa hiyo akamwekea askari wa kumlinda, na siku iliyofuata mwingine wa kumlinda huyo mlinzi. Siku ya sita malkia wa mzee alisogea miraba miwili tu, akaitazama ngome ya Debora ya pembeni kwa mshazari. Ngome haikuwa na pa kwenda. Debora alisimama pale na ufagio wake mpaka uji ukaungua.

“Mama,” alisema alipoingia jikoni, “mwambie baba nimeona kosa langu. Sikukosea kula. Nimekosea kung’ang’ania.”

Ujumbe ulifika. Mzee aliinua macho kwenye gazeti, akamwambia mkewe, “Mwambie mkamwana, wanaume wa mtaa huu wamekuja hapa miaka saba na hakuna aliyeliona hilo.”

Tangu hapo walicheza. Hatua moja asubuhi, jibu moja kabla ya chakula cha mchana, mwaka mzima, na mwingine. Hawakuwahi kukaa pamoja mezani wala kusemezana. Anayetaka kujua heshima ya nyumba hiyo ilikuwa ya namna gani, aanzie hapo: watu wawili walifahamiana akilini kuliko ndugu wengi wanavyofahamiana, na hakuna aliyevuka mpaka wake hata siku moja.

Mwaka 2023 yalitangazwa mashindano ya Dodoma, raundi saba, katika ukumbi wa jumuiya pale Kikuyu. Mshindi mmoja tu angekwenda Dar es Salaam kuuwakilisha mkoa. Mzee alimwambia mkewe, kwa sauti ya kutosha kufika chumba cha cherehani, “Mwambie mkamwana fomu ziko kwa Mwalimu Hamidu.”

Mzee mwenyewe alijaza fomu yake, na aliitaka safari ile. Hili lisisitizwe. Alikuwa na miaka sitini na minane na hajawahi kucheza nje ya mkoa. Wiki ya mashindano alitoa suti yake ya kijivu kabatini, akampa mkewe, mkewe akampa Debora aipunguze kiuno, kwa sababu mzee alikuwa amepungua na hakutaka kwenda Dar es Salaam na suruali ya kushikilia. Debora aliipunguza kwa mkono, si kwa mashine, usiku wa kuamkia raundi ya mwisho. Mtu anayepanga kushindwa hapunguziwi suruali ya safari.

Raundi sita zilipokwisha, wote wawili walikuwa na pointi tano. Denis, mwanafunzi wa chuo, kijana mwenye adabu zake, alikuwa amecheza mapema na kumaliza na tano na nusu. Raundi ya saba ikawapanga Debora na mzee. Atakayeshinda atakuwa na sita, na safari ni yake. Wakitoka sare, hesabu za mashindano zinampa Denis.

Mzee alipata kete nyeupe. Debora aliposoma orodha ukutani alikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe wake.

“Mama, siwezi kukaa naye.”

“Najua.”

“Basi nijitoe?”

Mwalimu Violeth alimtazama binti huyo, vidole vyake vikiwa bado na alama za sindano ya jana. “Utajitoa kwa mila ipi? Mila inasema usikae naye. Haikusema usimshinde.”

Mzee naye alikuwa ameshamfuata Mwalimu Hamidu, mwamuzi, mtu wa Kondoa aliyefundisha hesabu na kupenda kanuni kuliko chai.

“Mwalimu, mchezaji analazimika kukaa kitini wakati si zamu yake?”

“Halazimiki, mzee. Anaruhusiwa kusimama, mradi asitoke ukumbini.”

“Basi tumemaliza.”

Ndivyo ilivyokuwa. Benchi moja liliwekwa kulia na jingine kushoto, yote mbele ya macho ya Hamidu. Mzee alikuja mezani, akacheza, akabonyeza saa, akaandika hatua yake, akarudi kwenye benchi lake. Hapo ndipo Debora aliinuka, akaja, akacheza, akabonyeza, akaandika, akarudi. Saa tatu na nusu asubuhi mpaka saa sita kasoro, hawakuwahi kuwa mezani kwa pamoja. Wanaosema Debora alikuwa akienda pembeni kunong’onezwa hatua, wajue pembeni kulikuwa na Hamidu, na Hamidu hana mnong’ono kwa mtu.

Mzee alifungua kama alivyofungua maisha yake yote. Askari wa malkia. Askari wa pembeni yake, wazi.

Debora alikuja, akanyamaza dakika nzima kama mbele ya kitambaa, akamla.

“Eeh! Haneti imeona chakula!” alipasuka Khamisi, muuza vipuri vya pikipiki, Mnyamwezi na mtani wake, mmoja wa waliofungwa kibarazani mara nyingi kuliko alivyopenda ikumbukwe.

“Nikishiba nitakubakishia, mtani,” alisema Debora bila kugeuka.

“Kimya!” Hamidu aligonga meza. “Khamisi, mara ya pili utatazama kupitia dirishani.”

Ukumbi ulitabasamu, ukijua hadithi ya wacheza drafti na askari yule. Lakini Debora hakumwekea mlinzi. Alitoa farasi wake. Mzee alimla askari yule aliyekula, na Debora hakusikitika. Alipanua upande ule kwa utulivu, akamweka mfalme wake salama, akaanza kusukuma askari wawili wa pembeni, polepole, hatua hii na hatua ile. Pale benchini mzee aliacha kukunja na kukunjua miwani yake. Mkewe aliyejua maana ya mikono hiyo kutulia alijua kwamba sasa anacheza na mtu.

Malkia walikwisha. Farasi na maaskofu walikwisha. Hatua ya thelathini na nne, kila upande ulikuwa na ngome moja, mfalme, na askari wachache, na askari mmoja wa Debora alikuwa peke yake pembeni kabisa, njia yake wazi mbele. Mzee aliuinamia ubao dakika kumi na moja. Alihesabu. Kisha akabadilishana ngome, akiamini mfalme wake atamfikia askari yule kabla hajageuka malkia.

Alikosea hatua moja. Yeyote mwenye ubao nyumbani anaweza kuzipanga kete zile na kuhesabu, na ataona ni kosa ambalo mtu hufanya akiwa amechoka na saa inakwenda. Debora alikuja, akatazama, akasukuma. Mzee akaja, akasogeza mfalme. Debora akasukuma. Mara ya nne mzee alipokuja hakusogeza kitu. Alimlaza mfalme wake chini taratibu, akasimamisha saa, akampa Hamidu mkono.

“Nimeshindwa, Mwalimu.”

Watu walipiga makofi, Denis akiwa wa kwanza. Na hapo mchezo ungeishia.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja, mstari wa mbele, mtu wa karibu na nyumba ile, aliyekula Krismasi tatu mezani pale. Alikuwa amekwishaahidi marafiki kwamba Denis ndiye atakayekwenda. Alichungulia karatasi ya Debora, akanyanyua mkono.

“Mwamuzi, karatasi ya mshindi haijakamilika.”

Hamidu aliichukua. Hatua zote zilikuwepo, kwa mwandiko mdogo ulionyooka kama mshono. Juu, mstari wa Mweusi: Debora Chilongani. Mstari wa Mweupe haukuwa na kitu.

“Andika jina la mpinzani wako,” alisema Hamidu.

“Samahani, Mwalimu. Siwezi.”

“Huwezi kuandika?”

“Naweza kuandika. Siwezi kuandika hilo.”

“Debora, maelekezo yanasema majina yote mawili yawepo. Karatasi isipokamilika, matokeo siyapeleki.” Alitazama saa yake. Hakuwa mkatili, alikuwa mtu wa kanuni. “Nakupa dakika kumi.”

“Kuna ugumu gani?” alisema yule wa mstari wa mbele. “Ni jina tu. Au mchezo wenyewe una kasoro?”

Debora aliishika kalamu. Jina lile alilijua herufi kwa herufi. Lilikuwa kwenye cheti cha mumewe, kwenye mita ya umeme, kwenye lebo aliyoishona jana ndani ya koti la kijivu, ambayo aliiacha na herufi mbili za mwanzo tu. Dar es Salaam hakuwahi kufika. Kuanzia raundi ya tano alikuwa akilala akiiona njia ya treni. Dakika nne zilipita. Akaiweka kalamu juu ya karatasi, sambamba na mstari mtupu.

“Mpelekeni Denis,” alisema. “Mimi nina sare za shule mbili za kumaliza.” Akarudi kwenye benchi lake, akakaa, akatazama sakafu.

Denis aliinuka. “Mimi siendi kwa njia hiyo,” alisema. Hamidu akamwambia akae, si yeye anayeamua.

Ndipo mzee Anyitike aliposimama. Alisubiri kuhakikisha Debora ameshakaa mbali na meza, kama ilivyokuwa asubuhi nzima, kisha akaja. Alivaa miwani. Akachukua kalamu ile ile, na kwenye mstari wa Mweupe, kwa mwandiko ambao Bunge liliuamini miaka ishirini na sita, akaandika jina lake. Akaweka saini mwisho wa ukurasa.

“Mzee,” Hamidu alisema, “hiyo ni karatasi ya mpinzani wako.”

“Kanuni inataka jina liwepo?”

“Ndiyo.”

“Inasema liandikwe na nani?”

Hamidu alifungua kijitabu chake. Alisoma ukurasa, akaugeuza, akaurudia.

“Haisemi,” alisema hatimaye, akagonga muhuri.

Mzee hakumtazama mkamwana wake. Alimgeukia mkewe na kusema kwa sauti iliyofika mabenchi yote, mbele ya Hamidu, Denis, Khamisi na huyo wa mstari wa mbele: “Mama Erick, mwambie mkamwana, ile ngome nilibadilishana nikidhani namfikia askari wake. Sikumfikia. Na mwambie suti nitaivaa siku ya kumsindikiza.”

“Amesikia,” alisema Mwalimu Violeth, kwa sababu Debora alikuwa ameinamisha uso kwenye kanga yake na mabega yanatikisika.

Aliivaa. Walimsindikiza stesheni, mzee akiwa amesimama nguzo mbili nyuma, suruali imekaa vizuri kiunoni. Debora alipata pointi tatu na nusu kati ya tisa huko Dar es Salaam, na aliporudi alisema hivyo hivyo, tatu na nusu, bila kuongeza. Mwaka uliofuata alikwenda tena, akapata tano.

Mzee alifariki miezi minane baada ya mchezo ule. Wiki ya pili baada ya mazishi ndipo maneno yalipoanza: kwamba karatasi iliandikwa na marehemu, kwamba nyumba ya Mwambeta iliiba safari ya watu. Aliyeyaanzisha alikuwepo ukumbini. Aliona kalamu ikiwekwa chini na ikichukuliwa. Alisubiri tu mwenye mwandiko azikwe.

Karatasi yenyewe ipo. Hamidu anayo na nakala iko nyumbani, ndani ya Biblia ya mzee. Anayetaka kuisoma aje mchana, atakaribishwa chai.

Dorkasi, jirani wa miaka mingi, aliisoma nakala hiyo wiki iliyopita. Aliirudisha, akavuta kiti karibu.

“Dada Violeth, sasa si umtaje? Watu wajue ni nani.”

“Hapana.”

“Alikula hapa Krismasi tatu!”

“Alikula. Chai yako inapoa.”

“Niambie basi herufi ya kwanza.”

“Hapana,” alisema Mwalimu Violeth. Katika chumba cha pili cherehani ya Debora ilikuwa imesimama, ikisikiliza, kisha ikaanza tena. “Kuna majina hayatamkwi katika nyumba hii kwa heshima, na sasa lipo moja lisilotamkwa kwa sababu nyingine. Nimesema ya kusema. Siongezi.”